Karanga za Mia Tano

Ofisini kwetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hicho sikukisomea. Siku moja printa ilimeza karatasi, watu wakaizunguka kama wanamwangalia mgonjwa, mimi nikafungua mlango wake wa nyuma nikaichomoa. Tangu hapo kila chenye waya ni changu. Feni ikigoma naitwa mimi, birika la umeme likinuka moshi naitwa mimi.

Ofisi yenyewe ni ya SACCOS moja pale Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Wanachama mia tatu na ushee, wafanyakazi wanne, kompyuta moja. Asubuhi ni ya Bi Mhasibu, na leja zote za mikopo zimo humo kwenye Excel. Mchana ni yangu mimi, afisa mikopo. Jioni karani anatengenezea ndugu zake kadi za harusi. Usiku ni ya Babu, mlinzi wetu, ambaye kwa utaratibu haruhusiwi kuingia ndani, ila ufunguo anakaa nao yeye. Babu ni mpenzi wa sinema za mapigano, zile ambazo mtu anakusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Alikuwa na folda lake humo ndani, limeandikwa BABU kwa herufi kubwa, na sote tulijifanya hatulioni.

Machi 2022 umeme ulikatika Bi Mhasibu akiwa katikati ya kufunga hesabu. UPS yetu, yaani betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ambayo kazi aliyoandikiwa ni kupiga kelele tu, ilipiga kelele tatu ikazimika pamoja na kompyuta. Umeme uliporudi, mashine ilikaa dakika ishirini inazungusha kile kiduara chake, na Bi Mhasibu amesimama mbele yake anasoma Ayatul Kursiyy kwa sauti. Ikawaka. Lakini habari zilishamfikia mwenyekiti, na kesho yake bodi ikaitwa kwa dharura: tuchague mfumo wa bakapu. Wa kuandaa mapendekezo unamjua.

Nilijiandaa nikapitiliza. Nikajifunza mtandaoni ile kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: kopi tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na jengo. Nikaandika kurasa nne, na kwa kuwa bodi ina mwalimu mstaafu anayesahihisha barua zetu kwa kalamu, nikatumia Kiswahili cha kamusi: "Mapendekezo ya Mfumo wa Chelezo."

Mwenyekiti alivua miwani. Huyu mzee alikuwa baharia, na mpaka leo ofisini anaita ukuta wa kushoto "upande wa bandari". Kila kikao analetewa kahawa chungu na kashata. Kahawa anakunywa, kashata ananipa mimi, maana meno, kwa maneno yake mwenyewe, aliyaacha baharini moja moja.

"Mwanangu," akasema, "chelezo nimeanza kukiona kabla wewe hujazaliwa. Kinaelea juu, kinakuonyesha nyavu zilipo. Sasa humu ofisini nyavu ziko wapi?"

Nikaeleza kwamba siku hizi neno hilo ni pia nakala unayoweka pembeni, faili likipotea unalirudisha.

"Ahaa. Bakapu. Si ungesema bakapu, tumeshakaa nusu saa tunatweta!"

Tukaingia kwenye kuchagua. Pendekezo la kwanza lilikuwa eksteno, zile disiki za nje za kuchomeka, mbili halali za terabaiti moja moja, moja ikae kabatini, nyingine Bi Mhasibu aende nayo nyumbani. Nilipotaja bei, mweka hazina alikohoa kikohozi kile cha bajeti. Mwalimu mstaafu akashauri tufungue grupu la WhatsApp liitwe BAKAPU, leja iwe inatumwa humo kila jioni. Nikamuuliza nani watakuwemo. "Wanachama wote, kwa uwazi." Bi Mhasibu akamtazama mpaka akaondoa hoja mwenyewe.

Likabaki wingu, yaani kuhifadhi mafaili mtandaoni. Hili tulilijaribu kweli, siku tisa. Nikafungua akaunti ya bure ya gigabaiti 15, nikaipanga ioanishe kila kilichomo kwenye kompyuta. Kila kilichomo, nikimaanisha leja. Yenyewe ikaelewa na BABU pia. Bando la mwezi liliisha siku ya pili saa nne asubuhi, na akaunti ikajaa mapanga na mateke. Bi Mhasibu akaingia kwenye akaunti kupunguza "uchafu", akafuta na vingine asivyovitambua, bila kujua kwamba kuoanisha ni kuoanisha: ukifuta huku, na kule kinafutika. Leja ya akiba ikaondoka machoni petu kama mtu aliyeitwa nje. Niliikuta kwenye kapu la taka la akaunti, ambako vitu hukaa siku 30 kabla ya kwenda moja kwa moja, lakini mapenzi ya bodi na wingu yalishakufa.

Hapo ndipo karani aliposema binamu yake yuko Kariakoo, na Kariakoo kuna flashi za terabaiti mbili kwa shilingi elfu thelathini.

Ningesema hapana. Nilijua eksteno ya nusu ya ukubwa huo inauzwa mara tano yake. Lakini mweka hazina alishatabasamu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtaalamu. Flashi ikaja kwa basi, imefungwa kwenye bahasha pamoja na dawa ya mende ya shangazi yake karani. Tuliipokea Ijumaa, tarehe 1 Aprili. Baadaye nikaja kusoma kwamba duniani kuna siku ya bakapu, nayo ni 31 Machi, yaani siku moja kabla ya sikukuu ya wajinga. Sisi tulichelewa siku moja.

Nikaichomeka. Kompyuta ikasema: terabaiti mbili kasoro kidogo. Ukumbi ukapiga makofi.

Sasa mfumo wetu. Naomba niuseme kwa kujivuna kidogo, maana ulikuwa mzuri kwa kila kitu isipokuwa kazi yake. Kila Ijumaa saa tisa mchana nilifungua folda jipya lenye tarehe, nikanakili kompyuta nzima humo. Kulikuwa na Daftari la Bakapu, tunatia sahihi wawili, mimi na Bi Mhasibu. Flashi inaingia kwenye bahasha, bahasha inapigwa muhuri wa ofisi kwenye gundi, inafungiwa ndani ya sefu. Majina ya mafaili yote yalionekana humo yamejipanga. Hatukuwahi kufungua hata moja. Ufungue wa nini, na muhuri upo?

Wiki ya pili ya Septemba kompyuta ilianza kulia tik, tik, tik, kama saa ya mezani iliyomeza mchanga. Fundi akaja, akaegemeza sikio kwenye boksi, akasema, "Pole." Disiki imekufa. Alijua mtu Dar es Salaam anayefufua disiki, lakini bei aliyoitaja ilizidi ya kompyuta yenyewe.

Sikuogopa. Nataka ijulikane kwamba sikuogopa. Nilikwenda kwenye sefu kwa mwendo wa bwana harusi, bodi nzima ikitazama, nikakata muhuri kwa mkasi, nikachomeka flashi kwenye laptopu ya fundi. Folda zikaja, Ijumaa zote. Nikafungua ya mwisho, nikafungua MIKOPO, nikabofya leja ya Agosti. Excel ikasema faili limeharibika. Julai, limeharibika. Mei, limeharibika. Nikarudi nyuma mpaka Ijumaa ya kwanza kabisa. Limeharibika.

Fundi akaichomoa flashi, akaigeuza, akaipima uzito kiganjani. Akaniuliza niliinunua bei gani, nikamwambia, akanirudishia kwa adabu zote. Kumbe hizi zinachezewa ubongo: ndani kuna chipu ndogo, yetu ilikuwa ya gigabaiti nane, ila imefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni terabaiti mbili. Nafasi ya kweli ikijaa haikatai. Inaendelea kupokea, inaandika jina la faili, yaliyomo inayatupa hewani. Kuna programu ya bure ya Kijerumani, H2testw, inayoijaza flashi mpaka juu kisha inaisoma tena, ingetuambia siku ile ile. Sisi tulitumia muhuri. Tanga husema waja leo waondoka leo. Sikujua kwamba na mafaili yamo.

"Hamna kilichopona hata kimoja?" mwenyekiti akauliza.

Kilichopona kilikuwepo. Kompyuta inanakili kwa mpangilio wa herufi, na B inatangulia M. Gigabaiti nane za kweli zilikuwa zimejaa sinema za Babu, nane nzima, safi, zinacheza bila kukwama. Ya tisa iliganda pale jambazi anapofungua mlango. Babu, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote, alisema taratibu, "Alhamdulillahi."

Tukatangaza wanachama walete vitabu vyao tuandike upya. Wenye akiba walifika kabla hatujafungua mlango, vitabu vimevikwa nailoni, kila senti imo. Wenye mikopo nao walikuja, tena kwa huzuni kubwa. Kitabu cha mmoja kililiwa na panya. Cha mwingine kililowa mvua, na wiki hiyo Tanga haikunyesha hata tone. Mama mmoja alisema chake kilizikwa na marehemu mumewe kwa bahati mbaya. Nilimpa pole. Mumewe nilipishana naye ngazini.

Jumatatu jioni nilikaa kibarazani nimekata tamaa, nikanunua karanga za mia mbili kwa kaka anayepita na beseni. Nikazimimina mdomoni, nikataka kuifinyanga ile karatasi, nikaona alama ya tiki ya kalamu nyekundu.

Tiki hiyo naijua. Ina mkia mrefu unaopinda juu kama ndoano. Bi Mhasibu huchapa leja ya mikopo kila mwisho wa mwezi, anaihakiki kwa kalamu nyekundu, anasahihisha kwenye kompyuta, halafu makaratasi anayatupa, kwa sababu "yapo kwenye kompyuta". Dada wa usafi huyaokota, anayauza kwa kilo. Nilikunjua ile pembe tatu juu ya goti. Ilikuwa na doa la mafuta katikati, na ndani ya doa, kwa wino uliofifia: *salio 850,000*. Jina halikuwepo. Karatasi moja inatoka vifungashio vinne. Majina yamekwenda upande mmoja, pesa upande mwingine.

Kopi ya tatu, mbali na jengo. Peter Krogh angefurahi.

Nikamwita yule kaka, nikanunua beseni zima. Nikarukia ndani kumwambia Bi Mhasibu, mwenyekiti naye alikuwepo anamalizia kahawa yake. Tukamimina karanga kwenye sufuria, tukaanza kuunganisha. Ukipata nusu ya tiki upande wa majina, unatafuta nusu yake upande wa pesa, mkia kwa mkia. Mpaka saa mbili usiku tulikuwa na watu kumi na wanane, na Babu amekula mpaka anashindwa kukaa.

Kesho yake kaka wa karanga alikuja na bei mpya. Mjini hapa habari haina gharama ya usafiri. "Bosi, za gazeti mia mbili. Zenye namba mia tano. Zenye namba na wino mwekundu tuongee." Tukaongea. Karanga sasa zilikuwa za bure juu ya karatasi. Kwa siku sita mfululizo mweka hazina, yule yule wa kikohozi, alisaini vocha zenye maelezo "karanga za ofisi". Ukichanganya zote, tulizidi bei ya eksteno mbili siku ya tano.

Lakini leja ya Agosti ilirudi karibu yote. Yule mama wa kitabu kilichozikwa tulimsomea salio lake, akauliza kama kuna mtu ametoka kaburini. Eksteno mbili tulizinunua Oktoba, moja inalala kwa Bi Mhasibu, na kila mwezi nafungua mafaili matano kwa kubahatisha, mbele yake, bila muhuri.

Kilichokosekana ni kipande kimoja tu, robo ya chini kulia ya ukurasa wa saba. Upande wa majina tunao, na mstari wa kwanza kwenye robo hiyo ni mwenyekiti wetu. Tulipomuuliza kwa heshima salio lake, akafikiri, akazungusha kikombe, akasema, "Mimi wanangu nadhani nilimaliza. Sijui labda mnione kwenye karatasi."

Juzi nilimkuta kaka wa karanga stendi. Nikamuuliza kama kwenye lile fungu lake la zamani hakubakiza chochote chenye wino mwekundu.

"Ah, bosi, zile ziliisha siku ile ile ya Jumanne, alfajiri kabla sijaja kwenu. Kuna mzee alinunua zote zilizokuwa juu ya beseni, akazifungua moja moja pale pale, akachukua karatasi moja."

"Na karanga?"

"Kaniachia zote. Anasema hana meno."