Kasha la shemeji

Shemeji yangu alikuja Unguja kutoka Dodoma na orodha mfukoni: Beit al-Ajaib, Mkunazini, urojo, kasha. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani, tuliitazama kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mkunazini, penye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, alishuka kwenye vile vyumba vya chini akatoka hasemi neno. Urojo ulimrudishia ulimi. Kasha ndilo lililotutoa roho.

Kasha la Kizanzibari lina mambo yake. Mbele njumu za shaba, ubavuni pete za kubebea, chini droo tatu. Ndani, mkono wa kushoto, pana kijisanduku. Ukifungua kifuniko chake, ubao wa mbele unavutwa juu na vidroo vya siri vinatokeza. Shemeji alipoonyeshwa hivyo alicheka mwenyewe, akatia kitambulisho chake humo. "Mwizi na aje sasa!" Droo za chini akazishindilia karafuu, mdalasini, iliki na doti za kanga za dada.

Nilishamwambia: kabla hujalipa, pima kasha, kisha kapime uchochoro. Tena usipime ukuta kwa ukuta, pima baraza kwa baraza, zile za mawe za kukalia mbele ya nyumba, kwani hizo ndizo zinazokula njia. Na droo zitoke, zibebwe mbali. Akanijibu kwamba yeye kahamisha makabati Dodoma nzima.

Mahamali wawili wakalibeba. Nyuma ya Hurumzi, penye kona, likakwama baraza hii na baraza ile, njumu zimeng'ang'ania chokaa. Nyuma yetu vespa inapiga honi, mbele baiskeli ya mikate. Wakatokea watalii, kiongozi wao, bila kuuliza, akaanza kuwaeleza jinsi bibi harusi alivyokuwa akipelekewa vitu vyake ndani ya kasha. Shemeji, jasho linamtiririka, akapigwa picha kama bwana harusi.

"Mnasukuma nini?" akauliza mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao barazani. "Baraza zinaishia gotini. Linyanyueni kifuani, huko juu njia pana."

Kweli kabisa. Lakini nani alinyanyue na viungo vyote vile? Tukazitoa droo. Mbili zilikuja, ya tatu ikagoma, kwani kasha lilikuwa limeinama na mbao zimebana. Tulipolisawazisha ikachomoka kwa kishindo, karafuu zikamwagika juu ya bao.

"Shikamoo mzee, tusamehe."

"Marahaba. Ila nilikuwa nakula, huyu sasa atasema kete zake ni zile karafuu."

Wazee wakapakatishwa doti za kanga, kasha likapaa juu ya baraza likapita bila kugusa kitu. Kuziokota karafuu ndiko kulikochukua muda.

Bandarini Malindi mahamali walilifunga kasha kwa magunia, wakalizungushia kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo, wakaliweka chini ya mizigo ya watu. Boti ilikuwa inapakia. Tukafika kwenye ukaguzi.

"Tiketi na kitambulisho."

Tiketi akaitoa. Akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma. Kisha akageuka taratibu kuutazama ule mlima wa mizigo.

Hamali akamtazama, akanitazama mimi. "Kufungua," akasema, "bei yake mbali na kufunga."