Mapenzi, bahari na kodi ya pango

Ukishasoma riwaya moja ya mapenzi ya duka la vitabu pwani, ramani ya zilizobaki unayo. Binti wa miaka thelathini na ushei amefukuzwa kazi London, au mchumba kamtema, au yote mawili kwa wiki moja. Shangazi anafariki na kumwachia duka la vitabu katika mji mdogo wa wavuvi, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, au Uskoti. Dukani mna vumbi, paka, na dirisha linalotazama bahari. Jirani anaoka keki. Yupo pia mwanamume mnunaji, mara mvuvi, mara daktari wa mifugo, ambaye hadi ukurasa wa mia hasemi zaidi ya salamu. Mwisho wanapendana, na duka linafurika wateja.

Riwaya hizi zinachapwa kwa wingi Uingereza, na wanaozibeza nao si haba. Wanasema zote ni zilezile, tena zinamtorosha msomaji katika maisha yake. Hoja hiyo mimi hainigusi. Mbona mpenzi wa taarabu halaumiwi kwa kuutaka wimbo anaoujua? Msomaji wa mapenzi ananunua ahadi kwamba mwishoni hakuna atakayeachwa njia panda. Mills & Boon, kampuni ya riwaya za mapenzi iliyoanzishwa mwaka 1908, imeishi kwa ahadi hiyo zaidi ya karne, na nakala zake zilizochakaa zimefika hadi kwenye vibanda vya vitabu vya mtumba Nairobi.

Halafu, ukizisoma kwa makini, utaona huyo mvuvi ni nyongeza tu. Kinachotamanisha ni kazi. Mzee mjane anaingia kuulizia stempu. Binti anamtilia mkononi hadithi ya upelelezi. Wiki ijayo mzee amerudi, anataka ya pili. Kule ofisini alikotoka, binti aliandika ripoti miaka nenda miaka rudi bila kujua nani anazisoma. Hapa anaiona kazi yake ikitoka mlangoni kwapani mwa mtu anayemjua kwa jina. Anayeidhihaki kiu hiyo labda hajawahi kukaa kwenye kikao cha muda wa saa tatu kilichopaswa kuwa ujumbe wa mistari miwili.

Kasoro ninayoiona mimi imo kwenye daftari la hesabu. Kitabu cha jalada laini Uingereza huuzwa karibu pauni 10. Mwenye duka hubakiwa na kama pauni 4, na humo itoke kodi ya pango, umeme na mishahara. Hadi mwaka 1995 wachapishaji walikuwa na makubaliano kwamba kitabu kiwe na bei moja kila mahali. Yalipovunjika, supamaketi zikaanza kukata bei, kisha ikaja Amazon. Riwaya hizi huziruka hesabu zote hizo kwa mgongo wa shangazi, kwa kuwa jengo la urithi halidaiwi pango. Mwondoe shangazi, hadithi inafia sura ya tatu.

Penelope Fitzgerald, mwandishi Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika duka la vitabu mji wa pwani wa Southwold, hakumpa mhusika wake shangazi. Katika The Bookshop, riwaya yake ya mwaka 1978, mjane anafungua duka mjini pwani mwaka 1959. Jengo lina unyevu, na bibi mmoja mwenye nguvu za kisiasa analitaka kwa shughuli zake. Mjane anaishia kupanda treni, hana duka wala nyumba. Kitabu kiliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, na ni fimbo nzuri ya kuzichapia riwaya nyepesi. Nakipenda mno. Ila simwoni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akikifungua ili apate usingizi.

Lipo na suala la nyumba. Huko St Ives, Cornwall, mwaka 2016 zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walitaka nyumba mpya ziwe za wanaoishi pale mwaka mzima tu, kwa maana matajiri wa mbali walikuwa wamezipandisha bei kwa kununua nyumba za mapumziko. Riwayani mgeni wa London hulakiwa kwa keki. Yule mvuvi, katika St Ives ya kweli, huenda angekuwa amepanga nyumba mji wa pili na kuja bandarini kwa basi.

Na riwaya zenyewe zinauzwa wapi? Nyingi supamaketi, au kwa simu na Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa peni 99, bei ambayo duka la shangazi lisingeiweza kamwe.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo ndoto hii imegeuzwa mtaji. Wigtown, mji wa watu kama 1,000 karibu na ghuba kusini-magharibi mwa Uskoti, ulikuwa umepoteza kiwanda cha maziwa na cha wiski kabla ya kufanywa mji wa vitabu wa taifa, yaani mji unaoishi kwa maduka ya vitabu, mwaka 1998. Kuna duka pale, The Open Book, ambalo mgeni hupanga chumba cha juu na kukabidhiwa duka la chini aliendeshe wiki moja au mbili. Foleni ya wanaosubiri ni ya miaka. Watu wanavuka bahari kuja kufagia, kupanga rafu na kungoja mlango usukumwe, na pango wanalipa wenyewe.