Msiwahesabu wapasuaji wa jeshi kwa vichwa

Kila mjadala wa utayari wa jeshi unapoibuka, linanikera jambo moja: madaktari wapasuaji huhesabiwa kwa vichwa. Nafasi zimejaa, basi jeshi liko tayari. Mbona hatuulizi mwaka huu wamepasua nini, na mara ngapi?

Wakati wa amani wagonjwa wao wengi ni askari vijana wenye afya zao, pamoja na familia zao. Kazi ni ngiri, kidole tumbo, mawe ya nyongo, goti lililoumia mazoezini. Kisha vita inazuka, na daktari huyohuyo analetewa majeruhi aliyekatwa mguu na bomu, ini limepasuka, damu inamtoka kuliko anavyoongezewa. Hapo inabidi afungue tumbo, azuie damu, aache hapohapo, majeruhi apashwe joto na kuongezewa damu, kazi iliyobaki imaliziwe baadaye. Kujua pa kuachia hakuji na cheti, mikono lazima iwe imefanya hivyo juzijuzi. Na siku hizi timu za upasuaji husogezwa karibu na mapigano zikiwa na watu wachache mno. Aliyekwama hana bingwa mwenzake chumba cha pili wa kumwita.

Hili si geni. Waingereza hutaja bonde la Walker, kwa jina la Alasdair Walker, mpasuaji wa jeshi lao la majini: ujuzi hupanda vitani, hushuka amani ikija, na vita inayofuata huanzia chini tena. Wanaolipia kupanda upya ni majeruhi wa miezi ya kwanza. Ninalisema hili kwa uchungu, maana vifo hivyo vinajulikana kabla havijatokea.

Marekani hupeleka timu za jeshi kujinoa katika hospitali za kiraia zenye majeruhi wengi, kama ile ya Baltimore. Ni vizuri, lakini wiki chache kabla ya safari hazitoshi. Afadhali San Antonio, hukohuko Marekani, ambako hospitali ya jeshi yenyewe hupokea raia wa ajali na risasi mwaka mzima. Uingereza nayo imewaweka wapasuaji wake katika hospitali za umma. Hicho ndicho ninachokitaka: zamu ya kudumu, usiku na mchana, pamoja na daktari wa usingizi na wauguzi ambao mpasuaji atakwenda nao vitani.

Nakubali, hospitali ya kiraia haionyeshi majeraha ya mlipuko jinsi vita inavyoyaonyesha. Nakubali pia kwamba wengine wataonja mshahara wa nje ya jeshi wasirudi. Walipwe vizuri basi.

Na kamanda anayetia sahihi ya kumpeleka daktari vitani awekewe mezani daftari la upasuaji la mwaka uliopita, jina kwa jina. Likiwa limejaa ngiri tupu, asitie sahihi.