Algorithimu ya kijenetiki haitakusahihishia data

Kila mtu akilalamika kwamba algorithimu yake ya kijenetiki (programu inayotafuta jibu bora kwa kuchagua, kuchanganya na kubadilisha majibu mengi, kizazi baada ya kizazi) inashindwa kuoanisha modeli na data, ushauri anaopewa ni uleule: ongeza ukubwa wa kundi la majibu, ongeza vizazi, pandisha kiwango cha mutesheni, yaani mabadiliko ya kubahatisha. Kwa niliyoyaona, mara nyingi ugonjwa hauko huko. Uko mlangoni, kwenye kile tunachoilisha.

Nilikuwa na vipimo 200 vya kitu kinachofifia kadiri muda unavyokwenda, na modeli ya vigezo vitatu: kimo cha kuanzia, kasi ya kufifia, na kiwango cha chini ambapo mchoro unatua. Programu ilikwenda bila kukwama, alama za kosa (jumla ya miraba ya tofauti kati ya modeli na vipimo, ikiwa ndogo ndiyo bora) zikashuka kizazi baada ya kizazi, zikatulia. Nikachora matokeo. Mstari ulikuwa umelala chali, umepita katikati ya data kama rula. Nikaongeza kundi kutoka majibu 50 hadi 500, mstari ukawa uleule. Kilichobadilika ni kasi ya kufifia tu: kila nikiendesha upya, inakuja na namba nyingine kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye umbo la data. Vipimo nilivyovisoma kutoka kwenye faili vilikaa kama safu wima, 200 kwa 1, na modeli ilitoa orodha bapa ya namba 200. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, haikatai ukitoa kimoja kwenye kingine. Inavitanua vyote viwili na kukupa jedwali la 200 kwa 200, yaani tofauti 40,000. Kila kipimo kikawa kinalinganishwa na kila namba ya modeli, hata isiyo ya wakati wake. Kaa na karatasi upige hesabu: kinachopunguza jumla ya miraba ya tofauti hizo zote ni mstari wa wastani. Algorithimu ilikuwa imejibu sawasawa swali ambalo sikukusudia kuliuliza. Na kimo kilipokaribia sifuri, kasi ikakosa kazi ya kufanya, ndiyo maana ikawa inatangatanga. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa programu wa kunyoosha safu.

Naipenda njia hii, lakini tangu mwanasayansi wa kompyuta John Holland alipoiwekea misingi, inachotaka kwako ni alama tu. Haitaki mteremko wa mchoro, haijali kama pembe umeiandika kwa digrii wakati modeli inasubiri radiani, wala kama -999 kwenye faili ni kipimo halisi au ni alama ya kipimo kilichokosekana. Itachagua, itachanganya jeni na kuzalisha kwa bidii ileile.

NaN (kifupi cha Not a Number, yaani "si namba") ndiyo inayoniudhi zaidi. Nafasi moja tupu kwenye faili mara nyingi husomwa hivyo, na ikiingia kwenye jumla, jumla yote inakuwa NaN. Ukiiuliza kompyuta kama namba fulani ni ndogo kuliko NaN, itajibu hapana, namba iwe yoyote. Basi jibu la kwanza likishika nafasi ya bora likiwa na alama hiyo, hakuna litakaloling'oa hata upite vizazi elfu. Wengi hukimbilia kuandika kwamba alama ikitoka NaN ihesabiwe bilioni kumi. Nakubali pale kigezo kinapotoka nje ya mipaka yake, kwa mfano modeli ikijaribu kutafuta logi ya namba hasi, kwa sababu hapo mwenye kosa ni jibu lile moja. Lakini NaN ikitoka kwenye data, majibu yote yanapewa adhabu ileile, na uchaguzi unageuka bahati nasibu. Mficha uchi hazai: acha programu isimame na itaje safu mlalo yenye kasoro.

Siku hizi sigusi faili halisi kabla ya jaribio moja. Natunga vigezo vitatu ninavyovijua, nazalisha data kutokana navyo, naipitisha njia ileile: iandikwe kwenye faili, isomwe, ipimwe. Kisha nachukua nukta tatu na kukokotoa alama kwa kalamu, nione kama inalingana na ya programu. Vigezo vyangu visiporudi, sigusi mutesheni. Narudi kwenye usomaji wa faili, naanza na kuchapisha umbo la kila safu.