Laiti injini ya Hyacinth isingekufa

Juzi kijiweni, kahawa mkononi, kijana mmoja akatupitishia simu tutazame video: "Mwamba wa Manza", Mjerumani aliyewazuga Waingereza mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi kashata ikanikwama kooni.

Haya, sifa zake nampa, maana anazo. Carl Christiansen alikuwa afisa wa akiba tu. Februari 1915 akatoka Ujerumani na Rubens, meli ya Waingereza iliyotekwa, imebandikwa jina la Kronborg na kupandishwa bendera ya Denmark. Akaizunguka Afrika mpaka pwani yetu. Tarehe 14 Aprili Hyacinth, manowari ya Waingereza, ikamfukuza, lakini injini moja ya manowari hiyo ikafa katikati ya mbio. Jamaa akajipenyeza ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, akafungulia maji kwenye ngama, akawasha moto mbao za sitahani. Waingereza wakaona meli inateketea, wakaondoka zao wameridhika. Ujanja ni ujanja, sibishi.

Makaa ya mawe aliyoiletea Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyokwama kule Rufiji, hayakuifikia. Ila bunduki na mamilioni ya risasi vilivyokuwa melini vikaopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi: zikafumuliwa, baruti ikasafishwa, fataki mbovu, zile za kuwashia baruti, zikabadilishwa. Kazi ya kuketi chini, risasi moja baada ya nyingine. Video inasema "Wajerumani wakazirekebisha". Ndiyo, na piramidi alijenga Farao peke yake.

Lakini hilo silo lililonikera zaidi. Januari mwaka uleule, Jasini, hapo juu tu ukitoka Manza, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alitumia risasi 200,000 katika mapigano mamoja. Akapiga hesabu mwenyewe, akaona vita vya namna ile anavimudu labda mara tatu tena, basi. Alikuwa anaishiwa! Ndipo mwamba wetu akamletea mzigo. Vita vikaburuzwa hadi Novemba 1918. Sisemi ni meli hiyo peke yake, ilikuja nyingine mwaka uliofuata. Ila tujiulize risasi zile zilimwendea nani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na homa, mizigo ikiwa kichwani. Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe, Waingereza wakaja kuchukua kilichobaki. Ugogo njaa ile ina jina lake hadi leo: Mtunya. Muulize Mgogo yeyote mzee kama babu zake walipiga makofi.

Kijana akanikatiza, "Kwa hiyo mzee wangu, ulitaka Mwingereza ashinde?"

Nikamwambia sikutaka ashinde yeyote, nilitaka viishe mapema. Akaniangalia kama nimemharibia mechi, akaifuta skrini kwa kanga ya mama muuza kahawa, akahamia video nyingine.