Philadelphia 1787: Kifungu Kilichopita Bila Ubishi

Ukiuliza Marekani ilizaliwa lini, utajibiwa 1776, mwaka wa Tangazo la Uhuru. Kwangu mwaka mzito zaidi ni 1787. Kuanzia Mei hadi Septemba, wajumbe 55 walijifungia Philadelphia, George Washington akiwa mwenyekiti, wakaandika Katiba inayotumika mpaka leo. Tangazo lilikuwa limesema watu wote wameumbwa sawa. Katiba ilikuja kuamua nani atahesabiwa, na kwa faida ya nani.

Isome Katiba ile ilivyotoka mikononi mwao, neno "mtumwa" hulioni popote. Utakuta "watu wengine wote", au mtu "anayewajibika kutumika". James Madison, aliyeandika kumbukumbu za vikao, alisema ukumbini kwamba si sawa kuingiza kwenye Katiba wazo la binadamu kuwa mali. Naye alikuwa na watumwa nyumbani kwake Virginia.

Je, walikuwa na njia nyingine zaidi ya kuuacha utumwa uendelee?

Wanaowatetea husema hapana. South Carolina na Georgia zilitamka wazi kwamba biashara ya watumwa ikiguswa, zinajitoa. Bila majimbo ya kusini hapana Muungano, na bila Muungano wenye watumwa wangejitengea nchi yao, wasiwe na jirani wa kuwauliza kitu. Watetezi huongeza kwamba Julai ileile, Bunge lililokuwa likikaa New York lilipiga marufuku utumwa katika ardhi yote ya kaskazini-magharibi ya mto Ohio. Katiba nayo ilizuia Bunge kuifunga biashara ya kuingiza watumwa kabla ya 1808, na kweli tarehe 1 Januari 1808 ikafungwa.

Hoja hii siipuuzi, kwa sababu Frederick Douglass hakuipuuza. Huyu alitoroka utumwani Maryland mwaka 1838. Mwanzoni aliiona Katiba kuwa mkataba wa wenye watumwa, kama alivyoamini mwenzake katika kupinga utumwa, William Lloyd Garrison, ambaye tarehe 4 Julai 1854 aliichoma nakala yake hadharani huko Massachusetts. Lakini kufikia 1851 Douglass alikuwa amebadili msimamo. Baadaye alisema utumwa ukifutwa kesho, hakuna hata silabi ya Katiba itakayohitaji kubadilishwa. Aliyepigwa mijeledi akisema hivyo, mimi niliyeketi na vitabu sina budi kumsikiliza.

Tena mwaka 1787 wengi waliamini utumwa unakufa wenyewe. Hawakuijua mashine ya kuchambua pamba, iliyobuniwa na Eli Whitney mwaka 1793. Watumwa waliokuwa karibu 700,000 katika sensa ya 1790 wakakaribia milioni 4 ilipofika 1860. Sehemu ya pamba ile ilifika hadi kwetu: ikafumwa viwandani Massachusetts, ikapakiwa merikebu za Salem, ikashushwa Zanzibar na kubadilishwa na pembe za ndovu. Ndiyo ile nguo tuliyoiita merikani.

Sasa upande wa pili. Kifungu kinachotajwa zaidi ni kile cha kuhesabu watumwa watatu kati ya kila watano, na mara nyingi kinaelezwa vibaya, kana kwamba kilipima ubinadamu wa mtu mweusi. Wenye watumwa ndio waliotaka watumwa wahesabiwe wote. Wapinzani wao walitaka asihesabiwe hata mmoja. Mtumwa hakuwa na kura, ila kichwa chake kilimwongezea bwana wake viti bungeni na kura za kumchagua rais. Katika uchaguzi wa rais wa 1800 Thomas Jefferson wa Virginia alimshinda John Adams wa Massachusetts kwa kura 73 dhidi ya 65. Wanahistoria wengi wakiondoa ziada iliyotokana na watumwa, Adams ndiye anayeshinda. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, 32 ilishikwa na watu wa Virginia.

Na vitisho vya kujitoa? Georgia ilikuwa dhaifu, imebanwa na Wahispania wa Florida upande mmoja na vita na Wacreek, wenyeji wa asili, upande mwingine. Iliuhitaji Muungano kuliko Muungano ulivyoihitaji. Ilipofika zamu yake kuidhinisha Katiba, Januari 1788, ilipitisha bila kura hata moja ya kupinga. Tishio lile halikupimwa hata kidogo.

Hata hivyo, katika vifungu hivyo viwili, cha biashara ya watumwa na cha kuwahesabu, watu walibishana na kukasirika, na mjumbe Gouverneur Morris akauita utumwa laana ya mbingu. Kinachoniuma ni cha tatu, cha kurudisha watumwa watoro kwa mabwana wao. Pierce Butler na Charles Pinckney wa South Carolina walikileta tarehe 28 Agosti. Mjumbe wa Pennsylvania, James Wilson, akalalamikia gharama. Roger Sherman wa Connecticut akasema haoni kwa nini umma umkamate na kumrudisha mtumwa kuliko kumrudisha farasi. Pingamizi ndilo hilo. Kesho yake kikaletwa upya, kikapita bila mtu kupinga. Wapo wanaosema kililipia mwafaka wa kaskazini na kusini kuhusu sheria za biashara ya meli, uliofikiwa siku hiyohiyo. Huenda. Lakini ni malipo gani hayo ambayo hakuna aliyeuliza bei yake? Hapa ule utetezi wa "hatukuwa na njia" haunifikii, maana njia nyingine haikutafutwa.

Miaka 9 baadaye, hatua chache tu kutoka jengo lile, katika nyumba ya Rais Washington, msichana mtumwa aitwaye Ona Judge aliambiwa atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha Washington. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni akikaa humo miezi 6. Washington alikuwa akiwahamisha wa kwake kwa zamu ili muda usitimie. Jioni ya tarehe 21 Mei 1796, wenye nyumba wakiwa mezani wanakula, Ona alitoka. Akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Washington, aliyekuwa ametia saini sheria ya kukamata watoro mwaka 1793, akaagiza afisa wa forodha wa huko amrudishe. Haikufaulu.

Ona aliolewa, akazaa, akazika mume na watoto, akaishi katika ufukara. Miaka ya 1840 waandishi wa magazeti walimuuliza kama anajuta kuondoka. Akajibu hapana, yeye ni mtu huru. Alifariki mwaka 1848, na kwa mujibu wa kile kifungu cha tarehe 29 Agosti alikuwa bado mali ya warithi wa familia ya Martha.