Mwasha taa wa Hong Kong ni mimi, haya chekeni mmalize

Najua voisi ya Shangazi imeshafika mpaka Mbagala, asubuhi hii mtu ambaye hata namba yake sina kanitumia picha ya ngazi bila salamu. Basi ngoja niseme mwenyewe, maana kwenye ile voisi eti nimekamatwa na polisi. Polisi sikumuona. Niliona mlinzi tu, na alikuwa mpole.

Mnaonifuata mnajua Desemba nakuja kuchukua simu, nalala Chungking, lile jengo la vyumba vya bei nafuu upande wa Kowloon, kama kawaida. Safari hii niko na wageni watatu: Shangazi (sio wa damu, wa vitenge pale Kariakoo), dada mmoja wa vipodozi na yule jamaa yangu mropokaji wa spea. Mzigo ukachelewa siku mbili nami nikajifanya mwenyeji, twendeni ng'ambo niwaonyeshe kitu. Usiku wake nilisoma habari za Duddell Street, mtaa wa kisiwani wenye taa za zamani za gesi, kwenye simu mpaka usingizi ukanipitia. Huo usingizi ushikeni, tutauhitaji.

Tukavuka na feri, tukafika kwenye zile ngazi za mawe, chini taa mbili, juu taa mbili, za gesi, hizo nne tu ndizo zilizobaki mtaani Hong Kong nzima. Nikaweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Nikawaambia jamani, Mwingereza kachukua kisiwa hiki 1841 akajaza wanajeshi, kambi ya Murray ilikuwa hapo jirani tu, na Mchina akitoka usiku alitakiwa abebe taa yake mkononi pamoja na cheti cha ruhusa. Kampuni ya gesi ikaanzishwa 1862, ikawa inachoma makaa ya mawe kupata gesi, inaipitisha kwenye mabomba chini ya Queen's Road, na 1864 mitaa ikaanza kuwaka.

"Mtungi wake uko wapi?" Shangazi huyo.

"Hakuna mtungi Shangazi, ni bomba."

"Mh. Na huyo Mchina, kwao mwenyewe anaombea ruhusa karabai?"

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu ndo anaongeza chumvi. Nikasema kila siku saa kumi na mbili jioni kamili anakuja mzee na ngazi na kijiti cha moto, anaziwasha moja moja. Zamani kazi hiyo ilikuwepo kweli. Hii ya kila siku niliitoa kichwani kwangu, tena bila kupepesa.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Mropokaji anarekodi. Mimi nimewageukia wao, taa ziko mgongoni kwangu (jamani, MGONGONI). Wallahi namuona mtu anakuja, ovaroli la bluu, ngazi ya aluminiamu begani. Moyo ukapiga pa! Mungu kanisitiri. Nikanyoosha kidole kama kampeni: "Huyo hapo! Si niliwaambia?"

Yule bwana anapita. Hasimami. Nikaona labda kasahau, nikamfuata, nikashika ngazi kwa nyuma nimsaidie. Akavuta. Nami nikavuta, kwa heshima. Akageuka akaniona, midume miwili tunavutana ngazi katikati ya mji wa watu, Kichina changu ni cha bei tu, naulizia shilingi ngapi na punguza, Kiingereza kikanikimbia chote likabaki neno moja. Nikaonyesha zile taa, nikapaza sauti nimuelekeze: "Faya! You! Faya! Faya!"

Nyie. Mahali penyewe pamejaa maofisi. Kwenye mgahawa wa kahawa pale kwenye ngazi watu wakatoka na vikombe vyao mkononi, maharusi waliokuwa wanapigwa picha wakashuka mbio, bibi harusi kakunja gauni mpaka magotini, mbeba ngazi kaachia ngazi nimebaki nayo mimi, nimeikumbatia. Na mimi bado nimenyoosha kidole. Ndo nikasikia dada wa vipodozi anasema taratibu, "Kaka, mbona zimewaka?"

Nikageuka. Zimewaka zote nne. Kimanjano kile cha upole, zimetulia kama haziko kwenye ugomvi. Zimejiwasha zenyewe huku mimi navutana na ngazi ya watu.

Mlinzi akaja, nikaomba radhi, nikarudisha ngazi, maharusi wakaendelea, yakaisha. Bwana wa watu alikuwa anaenda kufunga taa za Krismasi jengo la pili, kwa hiyo kimsingi ni mtu wa taa, hilo mnipe.

Kwenye feri Shangazi akaomba simu yangu, ule ukurasa nilioulalia bado uko wazi. Akasogeza chini kwa kidole kimoja, akasoma kwa sauti feri nzima ikasikia, kwamba 2018 kimbunga kiliangushia mti zile taa zikavunjika, 2019 zikatengenezwa zikarudishwa, na kwamba zinajiwasha zenyewe saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Akanirudishia simu, hakusema neno, kumbe alikuwa anatunza sauti ya voisi.

Grupu letu la mzigo sasa linaitwa Shirika la Taa. Jana binti yake Shangazi kaniandikia kutoka Magomeni, shikamoo mjomba, huku umeme umekatika toka saa moja, mama anasema uje na ile ngazi.